Kichache Kisichokatika: Darasa ya Kupunguza Uzito wa Mwili

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo sawa, akamgawia riziki yake kwa kipimo, na akamwekea mpaka katika kula na kunywa. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Mji wa Morogoro umekaa chini ya milima ya Uluguru, na kila kunapopambazuka huonekana akina mama wa Kiluguru wakiteremka mlimani kwa miguu, wamejitwika mikungu ya ndizi na matenga ya mboga, wakielekea sokoni. Na jioni hupanda tena kurudi kwao. Hao, aghlabu, hawana haja ya darasa hii. Mwenye haja nayo ni ndugu yao aliyeshuka akakaa mjini, asipande tena. Huyo amechukua chakula cha mkulima, lakini jembe ameliacha mlimani. Ugali wake ni ule ule wa mtu aliyelima tangu alfajiri, naye leo ameketi dukani kutwa. Juu yake yameongezeka mafuta, na maandazi ya asubuhi, na soda ya mchana, na chai ya vijiko vinne vya sukari. Na safari ya sokoni, ambayo mama yake huikata kwa saa mbili na mzigo kichwani, yeye huimaliza kwa dakika tano juu ya pikipiki. Ikipita miaka kumi, magoti humuuma, pumzi humpungukia, na daktari humwambia kuwa sukari imepanda katika damu yake. Hata siku moja akavuta kiti msikitini, kwa kuwa kusujudu kumemshinda.

Wala hayuko peke yake. Katika uchunguzi wa afya ya watu uliofanywa Tanzania mwaka 2010, wanawake wa umri wa miaka 15 hata 49 waliokuwa wamepita uzito wa kadiri walikuwa 22 katika kila 100. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 wakafika 28.

Na mtu huyo akisha kuogopa hufanya nini? Hapa ndipo penye kosa la wengi. Huapa kuwa hatagusa ugali tena. Hunywa maji ya ndimu siku tatu, au hununua dawa ya kuharisha kwa mchuuzi, au hula kabichi ya kuchemsha asubuhi na jioni hata watu wa nyumbani wakamwonea huruma. Mwezi wa kwanza kilo hupungua, naye husifiwa. Mwezi wa tatu huja harusi, akala kama aliyefunguliwa kifungoni. Na mwaka hauishi ila kilo zote zimerudi, na nyingine zimefuatana nazo. Basi mas-ala ya darasa hii si vipi mwili hupungua, kwani hilo hata mgonjwa wa homa humtokea. Mas-ala ni vipi mwili upungue kisha ukae katika upungufu wake, bila ya mtu kuidhulumu nafsi yake wala kuvunja mpaka wa dini yake.

MLANGO WA KWANZA: KATIKA NIA

Yapasa kwanza kuisafisha nia. Unene wenyewe si dhambi, wala wembamba si uchamungu, na mwenye kumcheka mtu kwa mwili wake ndiye aliyeingia katika dhambi. Bibi Sauda binti Zam'a (r.a.), mkewe Mtume (s.a.w.), alikuwa mama mzito wa mwili, mwenye mwendo wa polepole, na katika Hija aliomba ruhusa aondoke Muzdalifa usiku, kabla ya msongamano wa watu, na Mtume akampa ruhusa hiyo wala hakumlaumu. Na Abdallah bin Mas'ud (r.a.) alikuwa na miundi myembamba; siku moja masahaba wakaicheka, na Mtume akawafahamisha kuwa miundi ile katika mizani ya Akhera ni mizito kuliko jabali la Uhud. Basi mizani ya Mwenyezi Mungu siyo hii ya hospitali. Tena wako watu ambao unene wao umetokana na maradhi, au na dawa wanazotumia, au na maumbile waliyorithi kwa wazazi wao, nao pengine hula kidogo kuliko wale wanaowacheka.

Nia iliyo sawa ni kuuhifadhi mwili kwa kuwa ni amana, ili mtu apate nguvu ya kusali kwa kusimama, na kufunga, na kutafuta riziki, na kulea wanawe. Ama ambaye udhuru umekwisha mfika, asihuzunike: sala yake ya kukaa ni sahihi, na thawabu yake haipunguki.

MLANGO WA PILI: KATIKA MPAKA WA KULA

Katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu amewaruhusu waja wake kula na kunywa, kisha akawakataza israfu. Na katika hadithi ya Al-Miqdam bin Ma'dikarib (r.a.), iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amelitaja tumbo kuwa ni chombo kibaya kuliko vyote avijazavyo mwanadamu, na amefundisha kuwa matonge machache ya kuusimamisha mgongo yatosha, na asiyeweza hivyo, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi.

Fuqahaa wa madhehebu ya Imamu Shafi'i wamepambanua hukumu yake. Kula kupita shibe katika chakula cha mtu mwenyewe ni makuruhi. Na ikiwa kwamdhuru, ni haramu. Na mgeni katika chakula cha mwenyeji wake haimhalalikii kupita shibe, ila akijua kuwa mwenye chakula yu radhi. Wako watu karamuni wadhanio kuwa kula hata kushindwa kuinuka ni kumheshimu mwenyeji, nao hawajui kuwa katika mali ya mwenzao hukumu ni nzito kuliko katika mali yao. Na imepokewa kwa Imamu Shafi'i mwenyewe (alifariki mwaka 204 wa Hijria) kuwa aliiacha shibe kwa miaka mingi, kwani aliona huuzidishia mwili uzito, huondoa wepesi wa akili, huleta usingizi, na humdhoofisha mtu katika ibada.

MLANGO WA TATU: KWA NINI JAMBO LA GHAFLA HALIDUMU

Asili ya mlango huu ni hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa chache. Watu huisoma hadithi hii wakaitia katika sala za usiku peke yake, wakasahau kuwa kula nako ni amali ya kila siku. Na katika hadithi ya Anas (r.a.), watu watatu walikuja wakajifunga kwa mambo makubwa, mmoja wao akaahidi kufunga daima asile mchana maisha yake, Mtume akawakataza, akawafahamisha kuwa yeye, aliye mchamungu kuliko wao, hufunga na hula. Na Salman (r.a.) alimkumbusha nduguye Abu Dardai kuwa nafsi ina haki juu yake, na watu wake wana haki juu yake; Mtume akayasadiki maneno ya Salman.

Mfano wake waonekana katika milima hii hii. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo wa Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi katika miteremko. Kuzuia udongo usichukuliwe na mvua si shabaha mbaya. Lakini kazi ilikuwa nzito mno, iliwajia kwa amri, na mahali pengi udongo usio na rutuba ulitoka juu na mavuno yakawa duni. Mwaka 1955 watu wakainuka kwa ghasia, polisi wakapiga risasi, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Basi hali ya mtu na mwili wake ni kama hivyo. Akiutawala kwa amri ya ghafla, utamtii kwa muda, kisha utainuka.

Na jambo hilo limejaribiwa pia kwa elimu. Katika miaka ya 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana wanaume 36, waliojitolea kwa hiari, kwa muda wa wiki 24, hata wakapungukiwa na robo hivi ya uzito wao. Fikira zao zote zikawa ni chakula: wakakizungumza, wakakiota, wakawa wakali na wenye huzuni. Nao walipofunguliwa walikula kupita kiasi, na mafuta ya miili yao yakarudi kuzidi yalivyokuwa mwanzo. Sababu yake ni kuwa mwili unyimwao kwa ghafla huona kama kwamba njaa imeingia nchini: hupunguza matumizi yake, huzidisha hamu ya kula, na huila misuli pamoja na mafuta. Basi mwenye kushindwa na njia ya namna hiyo asijidharau kuwa hana azma, kwani alikuwa akishindana na tabia ambayo Mwenyezi Mungu ameitia mwilini ili kumwokoa.

MLANGO WA NNE: KIPIMO CHA IMAMU GHAZALI

Imamu Abu Hamid al-Ghazali, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi'i aliyefariki mwaka 505 wa Hijria (1111), ameieleza mas-ala hii katika Ihya Ulumi'd-Din, katika sehemu ya kuvunja matamanio mawili, la tumbo na la utupu. Asema kuwa aliyezoea kula kwingi akihamia kwenye uchache kwa mara moja, mwili wake hautastahimili, naye atadhoofika. Yampasa aende daraja kwa daraja. Kisha ameweka hesabu: mwenye kula mikate miwili, naye ataka kurudi kwenye mmoja, apunguze kila siku robo ya subui ya mkate, yaani fungu moja katika 28, au moja katika 30, mwezi ukiisha atakuwa amefika kwenye mkate mmoja bila ya kudhurika. Na akitaka apime kwa mizani, au akitaka akadirie kwa macho, kwa kuacha kila siku kadiri ya tonge.

Tanbihi: Kitabu kile kilikusudia watu wanaoirudi nafsi kwa ajili ya Akhera. Kinachochukuliwa hapa ni njia yake, yaani kupunguza kidogo kwa mpango, wala si kiasi chake. Kwani si kila mtu yampasa kukata nusu ya chakula chake. Matabibu wa leo husema kuwa kupungua kwa nusu kilo hata kilo moja kwa wiki ndiko kusikohofiwa madhara kwa watu wengi.

Yafasiriwe hayo kwa nyumba ya Morogoro. Chukua mtu anywaye vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vinne vya sukari. Jumla ni vijiko 12. Asiiache chai, wala asiinywe chungu kesho. Apunguze kijiko kimoja katika jumla ile kila wiki. Baada ya wiki tisa atakuwa katika vijiko vitatu, na ulimi wake umekwisha kuzoea, hata akipewa chai yake ya zamani ataiona kama sharubati. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4, nazo ni kalori 16, yaani kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula. Vijiko tisa ni kalori 144 kila siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Kwa hesabu ya karatasi, vijiko hivyo tisa kwa mwaka mzima ni karibu kilo saba. Mwilini hupatikana pungufu ya hizo, kwani mwili ukisha kupungua hutumia kidogo. Walakini ajabu ni kuwa kilo hizo zilikuwa katika kijiko.

Sukari ikisha kutulia, aingie katika mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120. Basi yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka katika chupa. Kisha aingie katika ugali na wali, aache tonge moja, halafu la pili, na mahali pake paongezwe mboga, hata nusu ya sahani iwe mchicha, au matembele, au majani ya maboga, au kabichi na karoti ziteremkazo kutoka Mgeta. Robo iwe ugali, na robo iwe maharage, au samaki, au kuku. Kwa hivyo tumbo halikai tupu, na nafsi haidai. Kila jambo lishike mahali pake kabla ya kuanza la pili; mwenye kuanza manne kwa siku moja huacha manne kwa siku moja.

Na katika hayo mume asiape peke yake mezani. Apikaye ana haki ya kushauriwa, wala haifai kumtwisha mama wa nyumba kazi ya vyungu viwili, kimoja cha bwana na kimoja cha watoto. Chakula cha kadiri chawafaa wote.

MLANGO WA TANO: KATIKA SAUMU NA MAS-ALA YAKE

Saumu za sunna ni msaada mkubwa, nazo zimekuja kwa mpango wa kudumu: Jumatatu na Alhamisi, na siku tatu za mwezi mweupe, tarehe 13, 14 na 15. Hata sheria yenyewe imeyapa mazoea heshima yake. Katika madhehebu ya Shafi'i, ikisha kupita nusu ya Shaabani haijuzu kufunga sunna isiyo na sababu, ila kwa aliyeunganisha na siku za nyuma, au kwa mwenye desturi yake ya kufunga. Huyo desturi yake humfungulia mlango.

Mas-ala ya kwanza: Mtu akifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na akakusudia pia kupunguza mwili, saumu yake yaswihi? Imamu Suyuti katika Al-Ashbah wa'n-Nadha'ir ameitaja saumu iliyochanganywa na nia ya kujizuia na chakula kwa ajili ya afya, na sahihi ni kuwa saumu hiyo yaswihi. Ama thawabu, wanavyuoni wamekhitalifiana: Ghazali atazama nia iliyo na nguvu zaidi, na Izzuddin bin Abdisalam asema kuwa hapana thawabu zikichanganyika. Basi salama ni mtu afunge kwa ajili ya Mola wake, na kupungua kwa mwili kuje nyuma kama mtoto afuataye mamaye.

Mas-ala ya pili: Kuunganisha saumu siku mbili au zaidi bila ya kuonja kitu usiku, ndiyo iitwayo wisali, Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba zake, na kauli iliyo sahihi katika madhehebu ya Shafi'i ni kuwa ni haramu. Aliyetia hata maji kooni usiku ametoka katika wisali, lakini hajatoka katika swali la madhara. Akijidhuru kwa njaa ana dhambi, ijapokuwa hakunuia saumu.

Mas-ala ya tatu: Ramadhani. Watu wengi hutarajia kuwa mwezi huo utawapunguza, na waliochunguza mambo hayo wameona kuwa kupungua kwenyewe aghlabu huwa kidogo, na uzito hurudi katika wiki chache baada ya Idi. Wala si ajabu, kwani mchana huachwa tupu, na usiku huja magimbi, na mihogo ya nazi, na tambi, na kaimati, na daku nzito juu yake. Mwenye busara aifanye Ramadhani kuwa mwanzo wa mazoea, na Sita za Shawali kuwa daraja ya kumvusha, kisha Jumatatu na Alhamisi zimpokee.

MLANGO WA SITA: KATIKA MWENDO

Chakula peke yake hakitoshi. Jembe lililoachwa mlimani lataka badali. Imepokewa na Abu Daudi kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, naye Bibi Aisha akamshinda, baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume akamshinda. Katika hayo pana ruhusa, na pana furaha ya mume na mkewe.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate dakika 150 au zaidi za mwendo wa haraka kwa wiki, na nusu saa kwa siku tano yatimiza hizo. Mkazi wa Morogoro asianze na kilele cha Lupanga, ambacho chapita mita 2,100, ilhali mji uko kama mita 500. Akifanya hivyo atarudi amevimba magoti, wala hatauangalia mlima tena. Aanze na msikiti. Aende kwa miguu sala moja, kisha mbili, naye ajua kuwa kila hatua ya kwenda katika sala ina thawabu yake. Miezi ikipita, na njia ya Morningside haitamshinda.

TAHADHARI

Mwenye maradhi ya sukari atumiaye sindano au vidonge, na mwenye mimba, na anyonyeshaye, na mgonjwa wa moyo au figo, asipunguze chakula wala asifunge sunna kabla ya kumwuliza tabibu, kwani dawa isiyobadilishwa yaweza kuishusha sukari ikamwangamiza. Na dawa za kuharisha hutoa maji mwilini, hazitoi mafuta. Kilo zilizoondoka hurudi kwa mitungi miwili ya maji, na hasara hubaki katika matumbo. Mwenye kupungua bila ya kukusudia naye aende hospitali.

KHATIMA

Mtu ajipime mara moja kwa wiki, siku moja na saa moja, wala asiifanye mizani kuwa kadhi wa kila asubuhi. Asitake kurudi katika mwili wa ujana wake. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo tano hata tisa, akakaa hapo, amekwisha kupata faida kubwa katika sukari na shinikizo la damu.

Na akiteleza katika harusi au Idi, asiseme kuwa yote yameharibika. Katika hadithi ya Omar (r.a.), iliyopokewa na Muslim, aliyepitiwa na usingizi akakosa uradi wake wa usiku, akausoma baina ya alfajiri na adhuhuri, huandikiwa kama aliyeusoma usiku. Basi na huyu aliyeteleza, chakula kifuatacho ndicho mahali pake pa kurejea. Asingoje Jumatatu, wala mwezi muandamo, wala mwaka mpya.

Yule aliyevuta kiti msikitini huenda asikiache mwaka huu. Lakini akipunguza kijiko, na tonge, na akaongeza hatua, bila ya kukatika, yatarajiwa kwa fadhila za Mwenyezi Mungu kuwa siku moja atakirudisha kiti kile penye ukuta, paji lake la uso lifike chini. Na ikiwa hakufika, nia yake imefika.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu afya ya miili na dini, na awaruzuku kudumu katika kheri, hata ikiwa chache. Amin.